Fomu ya Mafanikio

Wizara imeleta fomu kutoka Bishkek:
ukurasa mmoja, visanduku vitano.
Chuo kinatimiza miaka sabini,
nami, karani wa masjala, niliyeishuhudia ishirini na tisa,
naambiwa nijaze kabla ya Ijumaa.

Cha kwanza: idadi ya waliohitimu.
Hicho chepesi. Elfu sita mia nne na kumi na mmoja.
Nimehesabu mara mbili, mara ya pili usiku,
jiko la makaa likikohoa kunishinda.

Cha pili: wahadhiri na shahada zao.
Turdakun Osmonaliyev, naandika, shahada moja, ya zamani.
Hakuna pa kueleza jinsi alivyoandika ubaoni
mkono umepinda kama mpini wa birika,
macho kwa wanafunzi, chaki ikienda yenyewe.
"Mgongo wa mwalimu," alisema, "ni mlango uliofungwa."
Vizazi vitatu vya walimu wa bonde hili
wana maumivu ya bega la kulia.
Ukiwaona sokoni wanalisugua, ujue walisoma wapi.

Cha tatu: tuzo na medali.
Medali moja, ya mieleka.
Aliyeishinda alikuwa mpishi.

Cha nne: wahitimu mashuhuri.
Kubatali, bila shaka, naibu waziri.
Huyo alianguka mtihani wa kufundisha mara tatu
kwa sababu ya kupayuka.
Mara ya nne Turdakun alikuja na mjukuu wake mchanga,
akaweka susu mbele ya darasa:
"Fundisha sehemu. Huyu asiamke."
Nusu, theluthi, robo, zilitoka kama mvuke wa chai.
Mtoto alilala. Kubatali akafaulu.
Mwaka jana alikuja kutuhutubia, umeme ukakatika,
kipaza sauti kikafa,
naye badala ya kupaza akashusha,
hadi safu ya nyuma ikajongea mbele na viti vyake.

Kisanduku kimejaa. Sonunbubu atakaa wapi?
Yuko ng'ambo ya upito, shule ya chumba kimoja,
watoto saba, madarasa manne.
Theluji ikifunika njia humwaga jivu la jiko
kutoka mlangoni mwake hadi kwenye mahema,
mstari mweusi, watoto waufuate.
Kila masika huniletea barua, haina salamu,
ni majina tu ya waliojua kusoma.
Mwaka huu matatu.

Na Jangil? Alifundisha miezi minane,
mshahara ukamshinda, akaenda Urusi kufagia ghala.
Kwenye orodha yetu ameandikwa *ameacha kazi*.
Ila katika bweni lao, baada ya zamu,
vibarua kumi na wawili sasa husoma mkataba
hadi nukta ya mwisho, kabla ya kutia sahihi.
Tajiri wa ghala halipendi jambo hilo.
Nalo sina kisanduku chake.

Mimi simo katika elfu sita.
Niliposimamishwa mbele ya watoto thelathini
ulimi uliganda, chaki ikanikatikia mkononi,
na mvulana mmoja wa mbele akanionea huruma:
hilo ndilo lililoniuma.
Turdakun aliokota vipande vyote viwili.
Hakunikaripia. Alinipa rejista na kalamu ya wino.
"Una mwandiko," akasema, "ambao jina la mtu litastarehe ndani yake."
Tangu siku hiyo kila cheti kilichotoka hapa,
hata cha Kubatali, ni mkono wangu.

Cha tano: maoni mengine. Mstari mmoja,
mfupi kuliko jina la Osmonaliyev.
Naandika: *tazama nyuma*.

Nageuza karatasi. Nyuma nyeupe, pana,
kama upito wa mlima mwezi wa Januari.
Naongeza makaa. Nachovya kalamu.
Naanza na Sonunbubu.